Kwa Nini Bajeti Hunona Huku Huduma Zikikonda

Katika mwaka wa fedha wa 2013/14, bajeti ya taifa la Kenya ilikuwa takriban Sh1.6 trilioni, na kufikia mwaka wa fedha wa 2025/26 ilikuwa imepita Sh4.2 trilioni. Hata hivyo, katika makadirio ya mwaka huo wa 2025/26, yaliyokuwa makubwa kuliko yote yaliyotangulia, hazikutengwa fedha za kulipia mitihani ya kitaifa ya shule, gharama ambayo serikali ilikuwa imeibeba kwa miaka kadhaa, hadi wabunge walipoingilia kati na kutafuta takriban Sh6 bilioni za kuziba pengo hilo. Mwezi Julai 2025, Waziri wa Fedha John Mbadi aliieleza kamati ya Bunge inayoshughulikia elimu kwamba serikali haimudu tena kumlipia kila mwanafunzi wa shule ya upili ya kutwa Sh22,244 kwa mwaka kama sera inavyotaka. Kauli hiyo iliwashtua wazazi, na viongozi wengine serikalini wakaharakisha kuwahakikishia kwamba elimu bila malipo ingeendelea, lakini swali lililokuwa limeulizwa halikufutika: inakuwaje fedha za umma ziongezeke kiasi hicho na bado zikose kumfikia mtoto aliye darasani?

Wananchi wengi hulijibu swali hilo kwa neno moja, wizi, na jibu hilo lina ukweli ambao utaangaliwa mbele. Lakini halitoshi, kwa sababu hata serikali isiyomwibia mwananchi senti moja inaweza kuongeza bajeti mwaka baada ya mwaka na bado ikajikuta inapunguza huduma. Jumla ya bajeti hupima kiasi cha fedha kinachopita mikononi mwa serikali, ilhali huduma hupimwa kwa kile kinachomfikia mtu mmoja mmoja: mwanafunzi katika maabara, mama katika wodi ya kujifungulia, mkulima anayemsubiri afisa wa mifugo. Kati ya vipimo hivyo viwili kuna mlolongo wa makato, na kila kato lina sababu yake, utaratibu wake na watu wanaolibeba.

Shilingi ya 2018 na shilingi ya leo

Kato la kwanza haliandikwi katika kitabu chochote cha bajeti, kwani hufanywa na mfumuko wa bei, yaani kupanda kwa jumla kwa bei za bidhaa na huduma, hali inayofanya kiasi kile kile cha fedha kinunue vitu vichache zaidi. Wataalamu wa uchumi hutenganisha thamani ya jina, ambayo ni idadi ya shilingi iliyoandikwa kwenye karatasi, na thamani halisi, ambayo ni kile ambacho shilingi hizo zinaweza kununua sokoni. Bajeti husomwa bungeni kwa thamani ya jina, lakini chaki, dawa na dizeli hununuliwa kwa thamani halisi.

Mgao wa shule za upili unalionyesha jambo hili waziwazi. Kiasi cha Sh22,244 kwa kila mwanafunzi kilianza kutumika mwaka 2018, serikali ilipopanua mpango wa elimu ya kutwa bila malipo na kuanzisha sera ya kuhakikisha kwamba kila anayemaliza shule ya msingi anaendelea na masomo. Tangu hapo kiasi hicho hakijapandishwa, ingawa wastani wa mfumuko wa bei umekuwa kati ya asilimia 4 na 8 kila mwaka, na ongezeko hilo likilimbikizwa hadi mwisho wa 2024 linafika takriban asilimia 40. Maana yake ni kwamba, hata pale mgao unapotolewa wote bila kupungua, Sh22,244 hizo hununua kile ambacho mwaka 2018 kingenunuliwa kwa karibu Sh16,000.

Ikichukuliwa shule ya kutwa yenye wanafunzi 500, mgao wake kwenye karatasi ni zaidi ya Sh11.1 milioni kwa mwaka, lakini ukipimwa kwa bei za 2018 haufiki Sh8 milioni. Zaidi ya Sh3 milioni zimeyeyuka bila waraka wowote wa wizara kutangaza kwamba zimekatwa, na bila mbunge yeyote kupiga kura ya kuzikata. Mwalimu mkuu ndiye anayebaki kuzitafuta katika kemikali za maabara, bili za umeme na maji, ukarabati wa madawati, na mishahara ya bawabu, karani na walimu wanaoajiriwa na bodi ya shule ili kuziba upungufu wa walimu wa serikali.

Kato la pili ni la idadi ya watu. Sensa ya 2009 ilihesabu Wakenya milioni 38.6, na ile ya 2019 ikahesabu milioni 47.6, ongezeko la takriban asilimia 23 katika miaka kumi. Kwa hiyo, hata kama bei zingesimama palepale, bajeti ya huduma ingehitaji kukua kwa kiwango hicho ili kila mtu apate kile kile alichokuwa akipata, na fedha zilizoongezeka kwa asilimia 15 zingekuwa zimepungua kwa kila kichwa. Sera njema nazo huongeza mahitaji, kwa sababu watoto wengi zaidi wanapobaki shuleni na akina mama wengi zaidi wanapojifungulia hospitalini, taifa linapata mafanikio ya kweli, lakini ni mafanikio yanayodai madarasa, vitanda na wahudumu. Bajeti isiyokua kwa kasi ya mahitaji hayo huyageuza mafanikio kuwa msongamano.

Wanaolipwa kabla ya wote

Kato la tatu, ambalo kwa sasa ndilo kubwa kuliko yote nchini Kenya, ni la deni. Fedha zote zinazokusanywa na serikali huingia katika mfuko mkuu wa serikali, lakini hazitoki humo kwa usawa. Kifungu cha 214 cha Katiba ya 2010 kinaliweka deni la umma kuwa dai juu ya mfuko huo, na pamoja na malipo ya uzeeni na mishahara ya baadhi ya maafisa wa kikatiba kama majaji, deni hulipwa bila kusubiri idhini ya kila mwaka ya Bunge. Shule, hospitali, barabara na polisi hugawana kinachobaki. Kwa hiyo, bajeti inaweza kupanda kwa sababu tu wanaolipwa kwanza wamedai zaidi, na wale wa mwisho kwenye foleni wakapata kidogo kuliko mwaka uliopita.

Takwimu za 2025/26 zinaonyesha uzito wa utaratibu huo. Serikali ilitarajia kukusanya mapato ya kawaida, yaani kodi na ada zinazoingia moja kwa moja katika mfuko mkuu, ya takriban Sh2.75 trilioni, na ikapanga kulipa riba peke yake ya takriban Sh1.1 trilioni, kabla ya kuhesabu mikopo yenyewe inayoiva na kuhitaji kulipwa. Kwa maneno mengine, katika kila Sh100 za mapato hayo, Sh40 zilipangiwa riba. Sekta nzima ya elimu, kuanzia chekechea hadi vyuo vikuu, ilitengewa takriban Sh700 bilioni, na kaunti zote 47, ambazo ndizo zinazoendesha zahanati, vituo vya afya na hospitali nyingi za umma, zilikubaliwa kugawana Sh415 bilioni. Riba ya mwaka mmoja, basi, ilizidi mara mbili na nusu mgao wa kaunti zote.

Deni la fedha za kigeni lina hatari ya ziada, kwa kuwa linaweza kukua bila serikali kukopa hata dola moja mpya. Mwaka 2014, Kenya iliuza kwa mara ya kwanza hati fungani katika soko la kimataifa, maarufu kama Eurobond, ikiwemo sehemu ya dola bilioni 2 yenye riba ya asilimia 6.875 iliyopaswa kulipwa Juni 2024. Wakati wa kukopa, dola moja ilibadilishwa kwa takriban Sh88, na mwanzoni mwa 2024 ilikuwa imegusa Sh160 kabla ya kushuka hadi karibu Sh130. Deni lililokuwa sawa na Sh176 bilioni lilipochukuliwa lingegharimu Sh260 bilioni kwa dola ya Sh130, na Sh320 bilioni kwa dola ya Sh160. Ili kulilipa, serikali ilikopa dola bilioni 1.5 nyingine Februari 2024, safari hii kwa riba ya asilimia 9.75, na hivyo mzigo wa zamani ukabadilishwa kwa mzigo mpya wenye riba kubwa zaidi.

Mikopo hiyo haikupotea yote hewani, kwani barabara zilijengwa, umeme ulisambazwa na reli ya kisasa kati ya Mombasa na Nairobi ilizinduliwa mwaka 2017. Lakini manufaa ya miradi ya aina hiyo, pale yanapokuwepo, huja polepole na kutawanyika, ilhali riba hudaiwa kwa tarehe, na mwenye kudai hasubiri hadi mradi uanze kuleta mapato.

Matukio ya katikati ya 2024 yalionyesha jinsi nafasi iliyobaki ilivyo finyu. Serikali ilikuwa imepanga kupata takriban Sh346 bilioni zaidi kupitia Mswada wa Fedha wa mwaka huo, uliokuwa na kodi mpya kadhaa, na vijana wakaandamana nchini kote hadi Rais William Ruto akakataa kuutia saini tarehe 26 Juni, siku moja baada ya waandamanaji kuingia katika majengo ya Bunge. Maandamano hayo yaligharimu maisha ya makumi ya watu. Siku chache baadaye Rais alieleza jinsi pengo hilo lingezibwa: matumizi yangepunguzwa kwa Sh177 bilioni na mikopo ingeongezwa kwa Sh169 bilioni. Riba haikuweza kuguswa na panga hilo, na mikopo hiyo mipya ikawa riba ya miaka inayofuata. Wananchi waliokataa kodi walikuwa na haki ya kulalamika kwamba wanatozwa zaidi huku wakipata kidogo, na muundo wa bajeti yenyewe unathibitisha malalamiko yao, kwa sababu sehemu kubwa ya kodi ya leo inalipia matumizi yaliyokwisha kufanyika.

Mshahara hubaki, glavu hukatwa

Baada ya deni, dai linalofuata kwa uzito ni la mishahara. Katika bajeti ya elimu ya 2025/26, zaidi ya nusu ya fedha zote zilikwenda kwa Tume ya Huduma za Walimu, TSC, ambayo kazi yake kubwa ni kuwalipa walimu. Hilo si kosa, kwani shule bila mwalimu si shule, na muuguzi asiyelipwa hawezi kumhudumia mgonjwa. Tatizo liko katika namna makato yanavyofanywa pale fedha zinapopungua. Mshahara unalindwa na mkataba, na mahakama na vyama vya wafanyakazi viko tayari kuutetea, ilhali hakuna mkataba unaolinda glavu, pamba, mafuta ya gari la wagonjwa, vitabu vya maktaba au rangi ya ukuta wa darasa. Kwa hiyo, wanaopanga bajeti hukata palipo rahisi kukatwa, na matokeo yake ni kituo cha afya ambacho wahudumu wake wapo na wanalipwa, lakini mgonjwa anaandikiwa dawa akanunue mwenyewe kwenye duka la dawa ng'ambo ya barabara.

Kanuni za usimamizi wa fedha za umma za 2015 zinazitaka kaunti zisitumie zaidi ya asilimia 35 ya mapato yao kwa mishahara na marupurupu, na Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inazitaka zitenge angalau asilimia 30 kwa maendeleo. Kaunti nyingi zimeshindwa kubaki ndani ya kikomo hicho cha mishahara, na kila shilingi inayokizidi hulazimika kutolewa kwenye vifaa, matengenezo au ujenzi.

Pale ambapo serikali imejaribu kupunguza gharama ya wahudumu wenyewe, huduma imeathirika kwa njia nyingine. Mkataba wa 2017 kati ya serikali na madaktari uliweka malipo ya daktari mwanagenzi, yaani aliyehitimu chuoni na anayefanya mafunzo ya lazima hospitalini kabla ya kusajiliwa kikamilifu, kuwa takriban Sh206,000 kwa mwezi, lakini mwaka 2024 serikali ilitaka kulipa Sh70,000 ikieleza kwamba haina uwezo. Mgogoro huo ulikuwa kiini cha mgomo wa madaktari uliodumu siku 56, kuanzia Machi hadi Mei 2024. Katika hospitali za umma wanagenzi ndio hufanya sehemu kubwa ya kazi ya kila siku, kama kuwapokea wagonjwa, kuchukua historia ya ugonjwa, kutoa damu na kukesha zamu za usiku, na wanapochelewa kupangiwa vituo, foleni hurefuka hata kama bajeti ya afya imeongezwa.

Jengo jipya, mzigo mpya

Sababu nyingine ya bajeti kupanda na huduma kudorora ni mazoea ya kununua vitu vipya bila kuandaa fedha za kuviendesha. Bajeti hugawanywa katika matumizi ya maendeleo, ambayo hujenga na kununua, na matumizi ya kawaida, ambayo hulipia wafanyakazi, umeme, vifaa na matengenezo. Kila jengo linalozinduliwa kwa fedha za maendeleo huzaa gharama za kawaida zitakazolipwa kwa miaka mingi, na zahanati mpya isiyopata muuguzi ama hubaki imefungwa au huchukua muuguzi kutoka kituo kingine, na hivyo huduma ya mahali pawili kudhoofika kwa jina la kupanua huduma.

Mpango wa kukodi vifaa vya matibabu ulioanza mwaka 2015 ni funzo la pekee. Serikali ya kitaifa iliingia mikataba ya takriban Sh38 bilioni ili kuweka mashine za upasuaji, za kusafisha figo, za wagonjwa mahututi na za eksirei katika hospitali 98 nchini kote, na gharama yake ikawa inakatwa katika fedha za kaunti, kwanza Sh95 milioni kwa kila kaunti kwa mwaka na baadaye Sh200 milioni. Baadhi ya hospitali zilifaidika, hasa kwa huduma ya kusafisha figo, ambayo awali wagonjwa waliifuata mbali. Lakini ukaguzi na uchunguzi wa kamati ya Seneti mwaka 2020 ulionyesha kwamba katika maeneo kadhaa mashine zilikuwa zimekaa bila kutumika kwa kukosa umeme wa kutosha, maji, vyumba vinavyofaa au wataalamu wa kuziendesha, huku kaunti zikiendelea kukatwa fedha. Katika vitabu vya hesabu, fedha za afya zilikuwa zimeongezeka, ilhali katika wodi mashine iliyolipiwa ilikuwa imefunikwa shuka na mgonjwa ameelekezwa hospitali ya kaunti jirani.

Fedha za kwenye karatasi na fedha za benki

Bajeti ni ruhusa ya kutumia fedha, nayo si fedha zenyewe. Inapitishwa kwa kutarajia kwamba kiasi fulani cha kodi kitakusanywa, na matarajio hayo yanapokosa kutimia, Hazina ya Kitaifa hulipa deni na mishahara kwanza na kuchelewesha mengine. Mgao wa shule unapaswa kutolewa kwa awamu tatu, asilimia 50 katika muhula wa kwanza, 30 katika wa pili na 20 katika wa tatu, lakini walimu wakuu wamelalamika kwa miaka mingi kwamba fedha huwafikia baada ya wiki kadhaa za masomo na mara nyingi zikiwa pungufu. Shule inayochelewa kupata fedha hununua kwa mkopo, na muuzaji anayejua kwamba atalipwa baada ya miezi sita huongeza bei ili kufidia kusubiri kwake, kwa hiyo kuchelewa peke yake kunapunguza kile ambacho mgao unaweza kununua.

Madeni ya aina hii, ambayo ni ankara za wauzaji na wakandarasi waliokwisha kutoa bidhaa au kazi bila kulipwa, yamefikia mamia ya mabilioni ya shilingi yanapojumlishwa ya serikali ya kitaifa na ya kaunti. Athari yake kwa huduma inaonekana vizuri katika ununuzi wa dawa. Kaunti huagiza dawa kutoka KEMSA, shirika la umma la kusambaza dawa na vifaa vya tiba, na kaunti nyingi zimekuwa zikidaiwa nalo. Kaunti inapotenga fedha za dawa za mwaka mpya, sehemu ya fedha hizo hulipia dawa zilizomezwa mwaka uliopita, na isipolipa hunyimwa shehena inayofuata. Kwa hiyo fungu la dawa linaweza kuongezwa kwa dhati na kutumika lote kihalali, na bado rafu za hospitali zikabaki tupu.

Mambo huwa vivyo hivyo pale mfadhili anapoondoka. Mwanzoni mwa 2025 Marekani ilisimamisha sehemu kubwa ya misaada yake ya nje, iliyokuwa ikilipia dawa, vipimo na wahudumu katika mapambano dhidi ya ukimwi, kifua kikuu na malaria nchini Kenya. Fedha nyingi kati ya hizo zilikuwa hazipiti katika bajeti ya serikali, na serikali inapochukua hata nusu ya mzigo huo, bajeti ya afya husomeka kuwa imepanda, ingawa mgonjwa anapata nusu ya kile alichokuwa nacho.

Mataifa tajiri nayo yamo

Itakuwa kosa kudhani kwamba hali hii ni ya nchi zenye uchumi mdogo tu. Halmashauri ya jiji la Birmingham nchini Uingereza, iliyo miongoni mwa mamlaka kubwa zaidi za mitaa barani Ulaya, ilitoa ilani Septemba 2023 kwamba haiwezi kusawazisha bajeti yake, ikielemewa na madai ya wafanyakazi wa kike waliolipwa chini ya wenzao wa kiume na gharama za mfumo mpya wa kompyuta. Mwaka uliofuata, kodi ya makazi ilipandishwa kwa asilimia 9.99, na wakati huohuo ukapitishwa mpango wa kupunguza matumizi kwa takriban pauni milioni 300 katika miaka miwili, ukigusa maktaba, vijana, sanaa na usafi. Nyuma ya misukosuko hiyo kulikuwa na shinikizo linalozikabili halmashauri nyingi za Uingereza, kwa kuwa sheria inazilazimisha kuwatunza wazee, walemavu na watoto walio hatarini, na gharama za wajibu huo hukua haraka kuliko mapato. Mkazi hulipa zaidi, na maktaba ya mtaa wake hufungwa.

Mwanauchumi wa Marekani William Baumol, katika miaka ya 1960, alieleza sababu mojawapo ya msingi ya shinikizo hilo. Kiwandani, mashine humwezesha mfanyakazi mmoja kuzalisha zaidi kila mwaka, kwa hiyo mshahara wake unaweza kupanda bila bidhaa kuwa ghali. Lakini kumfundisha mtoto kusoma, kumwosha mgonjwa au kumsikiliza mzee ni kazi inayochukua muda uleule wa binadamu uliochukuliwa miaka 50 iliyopita, na anayeifanya lazima alipwe mshahara unaokaribiana na wa sekta nyingine, la sivyo ataiacha. Wauguzi wa Kenya wanaokwenda kufanya kazi Uingereza na nchi za Ghuba ni ushahidi wa hilo. Kwa hiyo gharama ya huduma za kibinadamu huelekea kupanda kuliko bei za kawaida, na bajeti inayoongezwa kwa kiwango cha mfumuko wa bei peke yake bado hubaki nyuma.

Wizi una nafasi gani?

Hakuna hoja kati ya hizi inayowaondolea lawama wezi wa mali ya umma. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali amekuwa akiripoti mwaka baada ya mwaka malipo yasiyo na stakabadhi, miradi iliyolipiwa na kukwama, na mwaka 2025 Wizara ya Elimu ililazimika kuhakiki idadi ya wanafunzi baada ya kudhihirika kwamba fedha zilikuwa zikitolewa kwa wanafunzi na shule zisizokuwepo. Kila shilingi inayoibwa hupunguza kile kilichobaki baada ya deni na mishahara, na kwa kuwa kilichobaki ni kidogo, pigo lake huwa kubwa zaidi. Hata hivyo, kuamini kwamba wizi ndio chanzo pekee kuna madhara yake, kwa sababu humfanya mwananchi adhani kwamba kubadilisha viongozi kunatosha, ilhali kiongozi mwadilifu atakayerithi riba ileile, mgao usiopandishwa tangu 2018 na madeni yaleyale ya wauzaji, atalazimika kukata huduma vilevile, na atakata kimyakimya akiendelea na mazoea ya waliomtangulia.

Ukimya huo ndio unaostahili kulaumiwa kuliko yote. Ni nadra serikali kutangaza kwamba imepunguza huduma, kwani punguzo hujitokeza kama mchango wa ukarabati unaodaiwa wazazi wa shule iliyoitwa ya bure, kama miadi ya upasuaji inayosogezwa mbele miezi minne, au kama gari la wagonjwa lisilo na mafuta. Gharama haikutoweka, bali ilihamishwa kutoka mfuko wa taifa hadi mfuko wa familia, na familia maskini ndizo zinazoshindwa kuibeba kwanza. Mtoto anayerudishwa nyumbani kwa kukosa mchango huo hahesabiwi popote katika kitabu cha bajeti.

Kinachopaswa kudaiwa

Mgao wowote unaotolewa kwa kila kichwa, kwa mwanafunzi au kwa mgonjwa, unapaswa kurekebishwa kila mwaka kulingana na mfumuko wa bei kwa mujibu wa sheria, ili anayetaka kuupunguza alazimike kusimama bungeni na kusema hivyo. Mradi mpya wa ujenzi au vifaa usiidhinishwe kabla ya kuonyeshwa ni nani atakayeuendesha na kwa fungu lipi katika miaka mitano ya mwanzo. Ankara za wauzaji zilizohakikiwa zilipwe kabla ya kuanzishwa miradi mipya, na kila mkopo mpya uambatane na maelezo ya wazi ya riba yake ya kila mwaka na huduma itakayopisha malipo hayo.

Mwananchi naye ana nafasi ambayo Katiba imempa. Kifungu cha 201 kinataka umma ushirikishwe katika masuala ya fedha, na kalenda ya bajeti inajulikana: taarifa ya sera ya bajeti hufika bungeni kufikia tarehe 15 Februari, makadirio ya matumizi kufikia tarehe 30 Aprili, na sheria ya kuidhinisha matumizi hupitishwa kabla ya Julai. Vikao vya kutoa maoni hufanyika katika kipindi hicho, katika kaunti na katika Bunge, na mara nyingi huhudhuriwa na watu wachache wanaouliza kama barabara yao imo katika orodha. Msomaji atakayekwenda katika kikao kinachofuata aulize maswali manne: baada ya deni na mishahara kimebaki kiasi gani, kiasi hicho ni shilingi ngapi kwa kila mtoto au kila mgonjwa kwa bei za leo, ni sehemu gani inayolipa madeni ya mwaka jana, na zile zilizopitishwa mwaka jana zilifika lini na zikiwa ngapi. Afisa asiyeweza kuyajibu hana haki ya kujivunia bajeti iliyoongezeka.